Mtoto wa Ruashi na bunduki yake ya kwanza ya shabaha

Picha moja ilizunguka mwaka jana katika simu za Kalukuluku, komini ya Ruashi, mpaka ikafika kwa mama mwenye mtoto. Ilionyesha fundi wa kuunga vyuma, aliyekulia hapa hapa na sasa anakaa Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani. Alisimama ndani ya jumba lenye taa nyeupe, amevaa miwani na vifuniko vya masikio, bunduki mkononi. Chini ya picha hakuandika neno lolote. Jioni ile lupango la mama yake lilijaa watu. Mmoja alisema kijana ameingia jeshi la Marekani, mwingine akasema hapana, ameandikwa kazi ya kulinda benki. Mama hakujibu mtu. Alingoja mpaka saa saba ya usiku, wakati mwanawe anapotoka kazini kule, akapiga simu na kuuliza swali moja tu: "Mwana yangu, ulishakuwa soda?"

Mtu asiyeijua Ruashi anaweza kucheka swali hilo. Hapa bunduki inaonekana mikononi mwa watu wa aina tatu: soda, polisi na mwizi wa usiku, na mara nyingine giza linawachanganya wote watatu. Wakaaji hawajasahau tarehe 23 Machi 2013, wapiganaji wa Kata Katanga walipoingia Lubumbashi wakapita mjini mpaka kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa, na makumi ya watu wakafa siku moja. Sheria nayo inajulikana hata na wasioisoma: sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, ya wakati wa Mobutu, ndiyo inayosimamia silaha na risasi nchini, na raia hana ruhusa ya kushika silaha bila kibali cha serikali. Picha ya mtoto na bunduki ikifika kwa mtu mbaya inaweza kuleta wageni wasioalikwa mlangoni. Ndiyo sababu mama hakulala.

Fundi alipokuja likizo mwezi wa 8, watu walitegemea kusikia habari za mishahara na magari. Lakini mazungumzo ya jioni tatu mfululizo, chini ya mwembe wa nyumbani kwao, yalikuwa ya bunduki ile: kwa nini aliinunua, na kwa nini ile na si nyingine. Maelezo yake ni ya maana, kwa sababu watoto wa Lubumbashi walioko Marekani wako wengi sasa, na huko duka la bunduki linaweza kuwa jirani na duka la viatu.

Aliingia katika mchezo huu kwa mwaliko wa mwenzake wa kazi. Fundi anafanya kazi Georgetown, karibu na Lexington, katika kiwanda cha magari. Kentucky ni nchi ya farasi, lakini ni nchi ya shabaha pia. Timu ya bunduki ya Chuo Kikuu cha Kentucky imechukua ubingwa wa vyuo vya Marekani mara kadhaa, na mwanafunzi wake mmoja, William Shaner, alileta medali ya dhahabu ya bunduki ya hewa ya mita 10 kutoka michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Kwa hiyo kule mtu akisema Jumamosi anakwenda kupiga shabaha, ni kama mtu wa Ruashi kusema anakwenda kutazama mpira. Kilichomshika fundi si kelele. Ni kwamba mchezo unataka kitu alichokuwa nacho tayari: mkono usiotetemeka na pumzi inayojua kungoja. Mtu aliyeunga mageti ya chuma miaka kumi ana vyote viwili.

Mara ya kwanza alikodi bunduki uwanjani, na alikosea kuchagua kama wanavyokosea wengi. Aliomba ile anayoiona katika filamu, yenye umbo la AR-15. Hapa inafaa kuondoa uvumi mmoja. Herufi AR ni kifupi cha ArmaLite, kampuni iliyoibuni miaka ya 1950. Na bunduki inayouzwa kwa raia kule si sawa na ile ya soda: ni ya nusu-otomatiki. Ukivuta kifyatulio mara moja inatoka risasi moja. Bunduki yenyewe inatupa ganda nje na kupakia nyingine, lakini ili risasi ya pili itoke lazima uachie kidole na kuvuta tena. Kalashnikov ya vita, ile ambayo sauti yake inajulikana hapa hata na watoto, ikiwekwa kwenye otomatiki inaendelea kutapika mpaka uachie. Tofauti ni kubwa kwa sheria. Kwa masikio si kubwa hivyo.

Na masikio ndiyo yaliyomshinda siku hiyo. Alipiga risasi tano ndani ya jumba lile, ya sita hakuipiga. Alisema kila mlio ulimrudisha kwenye usiku mmoja wa utoto wake, wezi wako kwa jirani, mtaa mzima unapiga masufuria kuita msaada na hakuna anayekuja. Aliiweka bunduki mezani, mtutu ukitazama mbele kama alivyofundishwa, akatoka nje kunywa maji. Mwenzake hakumcheka. Alimpa nyingine, ndogo, ya kalibri .22.

Kalibri hiyo inafaa kuelezwa, maana ndiyo iliyoamua mambo mengine yote. Risasi ya .22 Long Rifle ina upana wa milimita 5.6 hivi na uzito usiofika gramu 3, na baruti yake ni kidogo. Bega halisukumwi. Mlio wake ni kama ubao unaovunjika, ingawa bila vifuniko bado unaharibu masikio. Isichukuliwe kuwa ya kuchezea: maboksi yake yanaonya kwamba risasi inaweza kusafiri maili moja na nusu, yaani zaidi ya kilomita 2, na kwa karibu inaua mtu kama nyingine yoyote. Lakini kwa karatasi iliyotundikwa mita 25 au 50 inatosha kabisa, na mwanafunzi haanzi kufumba macho kabla ya kuvuta. Walimu wengi wa shabaha wanasema tabia hiyo ya kufumba macho, ikishaingia, inachukua miezi kutoka.

Kisha kuna hesabu. Fundi aliipiga kwa kalamu, kwa bei alizokuta dukani. Risasi za .22 zilikuwa kama senti 8 moja. Za .223, za ile AR, kama senti 50. Jumamosi moja mtu anayejifunza anamaliza risasi 200 bila kujua. Kwa .22 ni dola 16. Kwa nyingine ni dola 100. Dola 100 ndizo anazotuma kwa mama yake kila mwezi. Aliposema hivyo chini ya mwembe, watu walinyamaza kidogo, maana wengi walikuwa wanafikiria bei ya bunduki tu. Bunduki inanunuliwa mara moja. Risasi hazimaliziki kununuliwa.

Basi ikabaki kuchagua kati ya zile za .22 za nusu-otomatiki, na hapo alikuwa na tatu mbele yake.

Ya kwanza ilikuwa Marlin Model 60, bunduki iliyoanza kutengenezwa mwaka 1960. Aliikuta ya mitumba, rahisi kuliko zote. Risasi zake hazikai katika magazini ya kuchomoa. Zinapangwa moja nyuma ya nyingine ndani ya bomba lililo chini ya mtutu. Ni nzuri, inalenga sawa, na wazee wa kule wanaipenda.

Ya pili ilikuwa Smith & Wesson M&P15-22, iliyotoka mwaka 2009. Ndani ni .22 ya upole, nje ni AR kabisa: nyeusi, ya plastiki, yenye magazini ndefu ya risasi 25. Ni nyepesi, na mtu anayetaka baadaye kuhamia AR kubwa anajifunza vifungo vyote humo.

Ya tatu ilikuwa Ruger 10/22, ya tangu mwaka 1964, ambayo zimeuzwa mamilioni. Ina kitako cha mbao, mtutu wa sentimita 47 hivi, uzito wa kilo 2 na zaidi kidogo, na magazini fupi ya risasi 10 inayozunguka kama gurudumu na isiyotokeza chini ya bunduki. Bei yake mpya ilikuwa katikati ya dola 300. Vipuri vyake vinapatikana kila mahali, na mtu mwenye mikono ya ufundi anaweza kuifungua na kuifunga mezani kwake.

Mzee mmoja jirani, aliyekuwa soda wa FAZ wakati wa Zaire na kubeba FAL ya Wabelgiji miaka mingi, alisikiliza yote hayo fimbo ikiwa magotini. Hakuuliza ipi inalenga vizuri. Aliuliza: "Ukitaka kujua iko na risasi ama haina, unafanya nini?"

Swali hilo linapita maswali yote ya wauzaji, na fundi alikiri kwamba alikuwa amechelewa kujiuliza. Ile ya bomba, Model 60, ndiyo ngumu zaidi kwa mwanafunzi. Lazima uchomoe bomba la ndani, uinamishe bunduki, uvute chuma cha kupakia mara kadhaa, na bado risasi moja inaweza kubaki imejificha njiani. Zenye magazini ni rahisi: unachomoa, unavuta chuma nyuma, unatazama chumba kwa jicho na kukigusa kwa kidole. Hapa ile nyeusi inaishinda Ruger, na ukweli lazima usemwe. M&P15-22 ikimaliza risasi ya mwisho inabaki wazi yenyewe, chumba kinaonekana. Ruger 10/22 ya kawaida inajifunga tena kana kwamba bado imejaa. Ukitaka ibaki wazi lazima ubonyeze kipande kidogo cha chuma kwa mkono, na kipande hicho kinamsumbua kila anayekishika mara ya kwanza.

Mzee alitikisa kichwa. Kwake yeye neno lilikuwa limekwisha: ile inayobaki wazi ndiyo ya kununua. Kwa mtu anayeishi peke yake, mzee ana haki.

Lakini fundi haishi peke yake. Mke wake alizaliwa Fizi, Kivu ya Kusini. Mwaka 1996, vita ilipofika, alibebwa mgongoni kuvuka ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, na utoto wake wote aliumaliza katika kambi ya Nyarugusu. Mume alipomwonyesha kwenye simu picha za bunduki zile tatu, alizitazama moja moja, akasema: "Papa, mimi nilikimbia hii kitu. Leo wewe unainunua na feza?" Siku mbili hawakuongea vizuri. Fundi angeweza kununua tu, sheria ya Kentucky haimwombi mtu idhini ya mke. Alirudi mezani akauliza kwa masharti gani angekubali.

Mke alitoa matatu. Isiwe nyeusi yenye sura ya vita, kwa sababu hataki watoto wake wazoee sura hiyo ndani ya nyumba yao. Ikae katika kasha la chuma lililofungwa ukutani, na risasi katika sanduku lingine lenye kufuli. La tatu ndilo lililochekesha watu wa Ruashi mpaka mama mzazi mwenyewe akacheka: namba za kufungua kasha azijue mke peke yake. Kila Jumamosi mume mzima, fundi wa vyuma, anasimama katika korido akisubiri mke aje kubonyeza namba. Vijana waliona ni aibu. Wamama waliona huyo mke anastahili kuletewa kitenge, na kweli alirudi na viwili vya kumpelekea.

Ndivyo Ruger yenye kitako cha mbao ilivyoshinda, pamoja na kasoro yake. Kasoro hiyo ameizungushia tabia. Kabla ya kuiweka chini anachomoa magazini, anavuta chuma, anakifunga wazi, anatazama, anagusa. Kisha anampa mwanawe wa miaka 14 naye atazame na kugusa, na mtoto ndiye anayesema kwa sauti kwamba ni tupu. Sheria nyingine wanazozifuata ni zile za viwanja vyote: kila bunduki uichukulie kuwa imejaa, mtutu usielekee usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje mpaka macho yameshalenga, ujue kilicho nyuma ya shabaha.

Kuna mambo mengine aliyojifunza kwa gharama ndogo. Risasi za .22 za bei ya chini sana mara nyingine hazilipuki. Ikitokea hivyo, usifungue haraka. Shikilia bunduki ikitazama mbele, hesabu nusu dakika, kwa maana mara chache baruti inachelewa tu. Na kila bunduki ya aina hii ina risasi inazozipenda, kwa hiyo alinunua maboksi madogo ya aina nne kabla ya kujua ipi haikwami. Darubini hakununua. Miezi sita ya kwanza alitumia alama za chuma zilizokuja juu ya mtutu, na hilo lilimwokolea pesa nyingine. Baada ya uwanja wananawa mikono na uso kabla ya kula, kwa sababu ya risasi, ile madini.

Jambo ambalo wengi wa kule wanalichukua kwa wepesi ni karatasi. Fundi alifika Marekani kwa loteri ya viza, ile ambayo vijana wa Lubumbashi walikuwa wakijaza kila mwaka katika siberi, na ana kadi ya kijani. Mwenye kadi hiyo anaruhusiwa kununua. Kwa duka lenye leseni, kwa bunduki ndefu, lazima awe na miaka 18 au zaidi, aonyeshe kitambulisho chenye anwani yake na namba yake ya uhamiaji, na ajaze fomu ya serikali inayoitwa 4473. Inauliza kama umehukumiwa kwa kosa kubwa, kama umewahi kumpiga mke na kuhukumiwa, kama unatumia dawa za kulevya, kama unajinunulia mwenyewe. Kisha muuzaji anauliza serikali. Wenyeji wengi wanajibiwa dakika hiyo hiyo. Yeye aliambiwa asubiri, akangoja siku mbili.

Uongo katika fomu ile ni jinai. Kumnunulia mtu mwingine ukijifanya ni yako, ni jinai. Na kwa asiye raia kuna la zaidi: kosa la silaha, hata ambalo mwenyeji angelimaliza kwa kifungo kifupi, linaweza kumfukuzisha nchini na kufuta miaka yote ya kusubiri. Fundi alisema hilo ndilo linalomfanya asiibebe garini akienda dukani wala kwa rafiki. Inatoka kwenye kasha kwenda uwanjani, na kutoka uwanjani kurudi kwenye kasha.

Kwa likizo hii alitaka kumletea mpwa wake ganda moja tupu la risasi, la shaba, la ukubwa wa jino. Alilitoa mfukoni usiku kabla ya safari, akaliacha juu ya kabati. Kueleza kitu kama hicho mbele ya watu wa usalama uwanja wa Luano si kazi ya mtu mwenye akili timamu.

Binamu yake mmoja alimtembelea Lexington kwa viza ya muda. Akitoka Ruashi alikuwa ameshawaambia vijana wote wa mtaa kwamba atapiga bunduki Marekani. Lakini sheria ya nchi ile inamkataza mwenye viza ya namna hiyo kushika silaha au risasi hata kwa dakika moja uwanjani, isipokuwa kwa ruhusa chache, kama leseni ya uwindaji, na yeye hakuwa nayo. Aliomba apige moja tu, nani atajua. Fundi alikataa. Binamu alikaa nyuma ya kioo saa nzima, kifuniko cha masikio shingoni, akitazama mtoto wa miaka 14 akitoboa karatasi. Hasira yake ilipungua walipofika nyumbani, akakuta bukari na sombe mezani.